Gitaa la Bei Rahisi

Yako maswali ambayo mtoto humuuliza mtu mzima kwa maneno machache, na mtu mzima akalazimika kurudi nyuma miaka mingi ili apate la kujibu. Mimi niliulizwa swali la namna hiyo barazani kwetu, hapa Wete, katika msimu wa karafuu. Ilikuwa baada ya sala ya isha. Tulikuwa tumekaa juu ya jamvi tukichambua karafuu, yaani kuzitenga na makonyo yake, kazi ambayo mtoto wa Pemba huijua kwa vidole kabla hajaijua kwa akili. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa amechuma kwa wiki tatu mfululizo na kulipwa kwa pishi kama wachumaji wengine. Fedha zake alizifunga katika pindo la kanga. Akaniuliza bila ya kuinua macho:

"Mjomba, gitaa la bei rahisi linafaa kujifunzia, au nitakuwa nimetupa pesa zangu?"

Dada yangu akacheka. "Wenzako wananunua vitambaa vya Idi, wewe unataka gitaa! Na kama ni gitaa, basi rahisi ghali. Muulize mjomba wako, lake liliishia kutagiwa na kuku."

Ni kweli, na kwa kuwa ni kweli sikuweza kucheka pamoja naye.

Mwaka 1977 nilikuwa na umri wa miaka 17. Redioni tulikuwa tukimsikiliza Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, ambaye hatukujua kwamba angefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mnamo Januari 1979. Mimi na wenzangu tulikuwa tukikaa chini ya mwembe tukijifanya tunapiga gitaa kwa kijiti cha muhogo. Msimu ule nilichuma karafuu mpaka mabega yakavimba, na fedha nilizopata nikamkabidhi baharia mmoja aliyekuwa akienda Mombasa. Akaniletea gitaa. Lilikuwa jekundu, linang'aa, na nililiona zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukimiliki.

Lakini nyuzi zake zilikuwa juu mno. Katikati ya shingo ungeweza kupitisha kidole chini yake. Kuzikandamiza hadi zikaguse vile vyuma vya shingoni ilikuwa kazi ya kukamua nazi, na kila nilipozikandamiza zilitoa sauti iliyopanda kidogo kuliko ilivyopaswa, kama mtu anayeimba huku amebanwa kifua. Vidole vilichanika. Nikavitia chumvi, nikavifunga kitambaa, nikaendelea. Baada ya miezi miwili sikuwa nimepiga hata wimbo mmoja ambao mtu angeutambua. Rafiki mmoja, kwa nia njema kabisa, akaniambia, "Bwana, muziki ni kipaji. Wewe mkono wako ni wa kalamu."

Nilimwamini. Nililitundika gitaa ukutani, masika mawili yakapita, daraja lake likabanduka, tumbo likafunguka, na kuku wa mama akalipata. Mimi nikaenda kusomea ualimu. Kwa miaka zaidi ya thelathini, kila muziki ulipotajwa, nilisema kama mtu anayetaja kimo chake: "Mimi sina kipaji."

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niliandike hili.

Mwaka 1989 nilikuwa nikisomesha katika skuli moja ya hapa kisiwani. Darasani mwangu alikuwamo mvulana mtulivu, mtoto wa mvuvi. Siku moja nilimkuta nyuma ya darasa na chombo alichokiunda mwenyewe: galoni la mafuta, ubao uliochongwa kwa kisu, na nyuzi nne za mshipi, ile nailoni ya kuvulia samaki. Alikuwa akikipiga polepole na watoto wenzake wamemzunguka. Nilikichukua kile chombo mbele yao wote. Nikasema, "Acha mchezo. Hiki si chombo cha muziki, ni takataka. Hata wenye magitaa ya kweli wanashindwa." Nilipolisema lile neno la mwisho nilijua ninamzungumzia nani, lakini yeye hakujua.

Galoni nilimrudishia jioni. Sikumwona nalo tena.

Miaka mingi baadaye tulikutana bandarini. Alikuwa nahodha wa chombo chake mwenyewe, ana ndevu zenye mvi, na bado ananiita Mwalimu. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana habari za watoto. Kisha akatabasamu na kusema, bila ya uchungu wowote, kama mtu anayesahihisha hesabu ndogo: "Lakini Mwalimu, galoni lile lilikuwa linapatana."

Basi, mpwa wangu aliponiuliza swali lake, sikuwa na haki ya kumjibu kwa methali. Nilimwambia anipe muda, na nikafanya lile ambalo ningelifanya zamani: nikaenda kuuliza kwa wanaojua na kusoma nilichoweza kukipata.

La kwanza nililojifunza ni kwamba gitaa ni hesabu kabla ya kuwa sauti. Uzi ukiubana katikati kabisa ya urefu wake, hutoa sauti ile ile ya mwanzo, lakini ya juu yake, kama sauti ya mtoto na ya baba wanaoimba wimbo mmoja. Mahali hapo pana chuma cha 12. Vyuma vyote vingine hupangwa kwa hesabu hiyo hiyo. Vikikaa mahali pake, gitaa litapatana hata kama limetengenezwa kwa mbao za sanduku. Vikikosea, halitapatana hata likipakwa dhahabu.

La pili lilinigusa zaidi. Uzi ulio juu mno si tabu ya vidole peke yake. Unapoukandamiza kwa masafa marefu unaunyoosha, na uzi ulionyoshwa sauti yake hupanda. Ndiyo maana gitaa langu jekundu lilikuwa likitoa sauti ya mtu aliyebanwa kifua. Nami nilikuwa nimelitia nyuzi za chuma, kwa kuwa ndizo nilizozipata. Nyuzi sita za chuma kwa kawaida huvuta shingo na daraja kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70. Za nailoni huvuta kwa kilo 40 hivi. Gitaa lililoundwa kwa ajili ya nailoni ukilitia chuma, umelitwika mzigo wa watu wawili. Shingo hupinda, daraja huinuka, na nyuzi huzidi kwenda juu. Kumbe kila siku niliyojitahidi, gitaa lilikuwa likizidi kuharibika mikononi mwangu, nami nikidhani ni mimi ninayezidi kuwa mjinga.

Na ule mshipi wa mvulana wangu? Hadi Vita Vikuu vya Pili nyuzi nyembamba za gitaa la Kihispania zilikuwa za utumbo wa mnyama. Vita vilipofanya utumbo uwe adimu, Albert Augustine, fundi wa New York, alianza kutengeneza nyuzi za nailoni, na mpigaji mashuhuri Andrés Segovia akazikubali. Tangu hapo wapigaji wakubwa wa dunia wamekuwa wakipiga nyuzi ambazo ni ndugu wa mshipi. Mtoto yule wa mvuvi hakuwa akicheza. Alikuwa amefika mwenyewe, kwa vitu vilivyokuwa nyumbani kwao, pale mafundi wa New York walipofika.

Nilijisikia vibaya zaidi nilipokumbuka kwamba jambo lenyewe tunalo hapa hapa visiwani. Katika kidumbak, ngoma inayochezwa maarusini, besi yote hutoka katika sanduku: kasha la mbao, mti, na kamba moja. Mpigaji hubadilisha sauti kwa kuikaza na kuilegeza kamba. Hakuna anayelicheka sanduku, na hakuna anayeuliza limegharimu kiasi gani. Watu husikiliza kama linakwenda pamoja na fidla na vidumbak. Likienda pamoja, linatosha. Mimi niliyacheza maarusi hayo tangu utotoni, kisha nikalidharau galoni.

Nikapata pia habari ya fundi wa Hispania, Antonio de Torres. Huyu ndiye aliyelipa gitaa la Kihispania umbo linalofuatwa hadi leo. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na ubavu wake ni wa karatasi ngumu zilizogandishwa, na ubao mzuri aliuweka mbele peke yake. Alitaka kuonyesha kwamba sauti hutoka hasa katika ubao wa mbele. Gitaa hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la muziki mjini Barcelona. Na huko Marekani, Lead Belly, aliyefariki mwaka 1949, aliwatikisa watu kwa gitaa la nyuzi 12 la Stella, jina lililojulikana kwa magitaa ya bei nafuu ambayo mtu wa kipato kidogo aliweza kuyanunua.

Msomaji asinifahamu vibaya. Sisemi kwamba bei haina maana. Gitaa la bei kubwa huwa na ubao wa mbele wa mti mzima, wa jamii ya misonobari ya nchi za baridi, uliopasuliwa ukawa mwembamba na ukakaushwa kwa subira. Ubao huo hutetemeka wote, na sauti yake hujaa chumba. Gitaa la bei rahisi huwa la plaiwudi, mbao nyembamba zilizobandikwa moja juu ya nyingine kwa gundi. Hutetemeka kwa uvivu, na sauti yake huwa fupi. Aliyezowea kusikiliza ataitambua tafauti kabla wimbo haujafika nusu.

Lakini hapa kwetu plaiwudi ina fadhila yake. Ubao wa mti mzima hunywa unyevu wa masika ukavimba, kisha hukauka katika jua la kaskazi ukasinyaa, na mwisho hupasuka. Huko Ulaya wenye magitaa ya thamani huyawekea vyombo vya kupimia unyevu. Nani atafanya hivyo Wete, katika nyumba ambayo mvua ya mwezi wa nne huotesha ukungu hata kwenye viatu? Plaiwudi, kwa kuwa tabaka zake zimepishana, huvumilia. Gitaa la thamani hapa lingekuwa kama mgeni mtukufu ambaye wenyeji hawalali kwa ajili yake.

Basi tukapanda meli, mimi na mpwa wangu, tukaenda Unguja. Pale mjini tukaingia duka moja lenye magitaa yanayoning'inia kama mikungu ya ndizi. Mfanyabiashara akatuonyesha mawili ya aina moja, rangi moja, bei moja: shilingi laki moja na nusu. Mpwa wangu akaelekeza mkono kwenye lile lililokuwa linang'aa zaidi. Nikamwambia asubiri.

Nilimfundisha niliyofundishwa. Kwanza nilimwambia aliinue usawa wa jicho na kuitazama shingo kwa urefu wake, kama seremala anavyoutazama ubao. La kwanza lilikuwa limepinda kama upinde. La pili lilinyooka. Kisha apige kila uzi mtupu, halafu aubane kwenye chuma cha 12, asikilize kama sauti mbili zile ni baba na mtoto wa nyumba moja. Kisha apite chuma kwa chuma, kila uzi, asikilize kama pana mahali uzi unakwaruza au unakufa. Kisha avizungushe vile vigingi vya kukazia, aone kama vinashika. Mwisho akague daraja lilivyobandikwa, kama ukucha unaingia chini yake. Ilituchukua karibu saa nzima. Mfanyabiashara alianza kwa kukunja uso, akamaliza kwa kusogea karibu na kuuliza, "Kwani chuma cha 12 kina nini?" Tulilichukua la pili, ambalo lilikuwa na mkwaruzo mdogo mgongoni. Akatupunguzia na bei.

Hata hilo zuri nyuzi zake zilikuwa juu. Magitaa ya bei rahisi mara nyingi hutoka kiwandani namna hiyo, kwa kuwa kumalizia kunataka mkono wa mtu, na mkono wa mtu ndio unaoongeza bei. Tukalipeleka kwa seremala wa mtaani kwetu, mtu wa milango na vitanda ambaye hajawahi kushika gitaa. Nilimweleza kwamba ule mfupa mdogo unaokaa juu ya daraja ndio unaoinua nyuzi, na kwamba kwenye chuma cha 12, kwa kuwa kipo katikati, nyuzi hushuka nusu ya kile unachokipunguza kwenye mfupa. Ukitaka zishuke milimita moja, punguza mbili. Akafikiri kidogo, akasema, "Kama mlango unaoburura: hukati pembeni ulivyoona, unakata kwa hesabu ya bawaba." Akauchomoa mfupa, akalaza msasa juu ya kioo, akausugua upande wa chini kidogo kidogo, akiupima kila mara. Hakuchukua malipo. Alisema amejifunza kitu.

Tuliporudisha nyuzi, mpwa wangu akabana sauti ya kwanza aliyoonyeshwa na rafiki yake. Ikatoka. Haikuwa tamu sana, ilikuwa na ubao ubao ndani yake, lakini ilikuwa safi na kila uzi ulikuwa mahali pake. Akanipa mimi. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikalipokea, nikaviweka vidole nilivyovijua kuwa ni vya kalamu, nikabana. Ikatoka na kwangu pia.

Sitaki kudai kwamba ningekuwa mwanamuziki. Huenda ningepiga mwaka mmoja nikachoka, kama vijana wengi. Lakini ningekuwa nimechoka kwa hiari yangu, na si kwa sababu ya milimita mbili au tatu ambazo seremala yeyote angeweza kuziondoa kwa msasa. Na, lililo zito zaidi, huenda nisingekwenda kwa mtoto wa mtu mwingine nikamkabidhi kushindwa kwangu kana kwamba ni elimu.

Kwa hiyo jibu langu kwa mpwa wangu, na kwa yeyote anayeuliza, ni hili. Gitaa la bei rahisi linafaa, kama shingo imenyooka, vyuma vimekaa kwa hesabu, na yupo mtu wa kulitengeneza kidogo kabla ya kulikabidhi kwa mwanafunzi. Lisipokuwa hivyo, si rahisi hata kidogo, kwa kuwa bei yake hulipwa mara mbili: mara ya kwanza kwa fedha, na mara ya pili kwa moyo wa anayejifunza. Atakayejifunza vizuri, baada ya miaka michache, ataanza kusikia upungufu wa plaiwudi na kutamani bora zaidi. Hiyo nayo si hasara. Masikio hayo amepewa na gitaa lile lile. Wako pia wanaoona kwamba nyuzi hazifai kabisa kuingia nyumbani. Hao siwajadili hapa, kila nyumba ina mlango wake.

Limebaki dogo. Mwezi uliopita yule nahodha alipita kwetu asubuhi kutuletea changu wawili, kama afanyavyo mara nyingine. Mpwa wangu alikuwa barazani akijifunza. Yule bwana akasimama na samaki wake mkononi, akasikiliza. Kisha akaweka samaki chini, akanawa mikono kwa maji ya ndoo, akajifuta vizuri kwenye kikoi, akasema, "Mwanangu, nipe kidogo."

Nilidhani atapiga. Hakupiga. Aliliinamia, akagusa uzi wa pili, akausikiliza, akakizungusha kigingi kidogo sana, akaugusa tena. Akamrudishia.

"Ulikuwa umeshuka," alisema.

Mpwa wangu akabana sauti ile ile ya mwanzo, na kweli, ulikuwa umeshuka. Nahodha akaniaga, "Haya Mwalimu," akashika njia ya bandarini. Nilitaka kumwita nimwambie neno ambalo nimelichelewesha tangu mwaka 1989. Nikamwacha apige hatua chache, kisha nikavaa viatu nikamfuata.